Moyo wa nani ndio kipimo?

Barabara itokayo Kyela kwenda Mbeya haimhurumii mtu mwenye maradhi ya moyo. Huanza katika bonde la mpunga, mahali ambapo ardhi na ziwa vinakaribia kulingana, meta zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari. Kisha hupanda kwa mizunguko mingi, ikiacha nyuma mashamba ya kakao na michikichi, ikiingia katika migomba na chai, hadi Tukuyu ambako ni zaidi ya meta 1,500. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mzee mmoja wa ukoo wetu katika safari hiyo. Alikuwa mkulima wa kakao na mpunga karibu na Ipinda, na kwa miezi kadhaa alikuwa akisikia kifua kinabanwa kila anapobeba mzigo, kisha kinaachia anapoketi. Gari lilipokuwa likihangaika na mlima alinigeukia akaniambia, kwa utani wa watu wa huko, kwamba anaona kama kifua chake ndicho kinacholivuta.

Huko tulikokwenda alipimwa shinikizo la damu, likawa juu. Alipimwa umeme wa moyo akiwa amelala kitandani, ukaonekana hauna kasoro. Daktari alikuwa mtu mwenye subira, akatueleza kwamba moyo ukipumzika huweza kuficha mengi. Ili kujua kama damu inafika sawasawa katika misuli yake wakati wa kazi, yafaa vipimo vingine ambavyo tungevipata Dar es Salaam, na katika vipimo hivyo kipo kimoja cha kupiga picha ya moyo kwa dawa yenye mionzi, ambapo kompyuta hutoa hesabu ya mahali palipo na upungufu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Hiyo kompyuta itajuaje kuwa moyo wangu ni mgonjwa? Imepata kuuona ukiwa mzima?”

Swali hilo limekaa nami tangu siku ile. Na kadiri nilivyozidi kusoma habari za vipimo hivi, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mzee wetu, ambaye hakuvuka darasa la nne, alikuwa amegusa mahali penyewe.

Tuanze na kipimo. Mgonjwa hudungwa sindano ya dawa iliyofungamanishwa na kiasi kidogo cha madini yenye mionzi yaitwayo teknishiamu. Dawa hiyo huchukuliwa na damu na kuingia katika misuli ya moyo kwa kadiri damu inavyoifikia: penye damu tele hujaa, penye damu haba hupungua. Kisha kamera ya gama, ambayo asili yake ni chombo alichokibuni Hal Anger huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1950, huzungushwa kifuani ikihesabu mionzi inayotoka mwilini. Hapo ndipo ilipo tofauti na eksirei. Mashine ya eksirei humulika mgonjwa. Hapa mgonjwa ndiye anayeimulikia mashine. Picha hupigwa mara mbili, moyo ukiwa umetulia, na tena baada ya kuhimizwa ama kwa kumtembeza mgonjwa juu ya mkanda unaokwenda, ama kwa dawa ya kuipanua mishipa. Mahali panapong'aa wakati wa utulivu na kufifia wakati wa kazi ndipo penye mshipa uliosongwa.

Mgonjwa atakayepewa dawa hiyo ya kupanua mishipa huagizwa aache chai, kahawa na kakao tangu siku iliyotangulia, kwa sababu vitu hivyo vina viasili vinavyoipinga dawa isifanye kazi yake. Msomaji wa Rungwe na Kyela atatabasamu hapa. Chai ni ya Rungwe, kahawa ni ya Mbozi, na kakao ya Tanzania kwa sehemu kubwa ni ya Kyela. Tunaambiwa tuyaache mazao yetu yote matatu kabla ya kupigwa picha.

Lakini kamera yenyewe haitoi moyo. Hutoa hesabu za nukta, vumbi la mwanga lisilo na umbo. Kazi ya kuligeuza vumbi hilo kuwa moyo wenye kuta, vyumba na mapigo ni ya programu ya kompyuta, na programu zinazotegemewa sana ulimwenguni kwa kazi hii chimbuko lake ni mahali pachache mno. Nyingine zimetoka hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, ambako Guido Germano na wenzake walitangaza mwaka 1995 njia ya kuiachia kompyuta ikadirie yenyewe, bila mkono wa mtu, ni sehemu gani ya damu iliyomo moyoni inayosukumwa nje kwa kila pigo. Nyingine zimetoka Chuo Kikuu cha Emory cha Atlanta, ambako utafiti wa Ernest Garcia ulifikishwa sokoni na kampuni ya Syntermed. Nyingine imetoka Chuo Kikuu cha Michigan, na kampuni ya INVIA ya mji wa Ann Arbor ndiyo iliyoiendeleza kwa jina la Corridor4DM. Majina haya hayasikiki kama yanavyosikika majina ya watengenezaji wa kamera. Mara nyingi programu humfikia daktari ikiwa imekwisha kuwekwa ndani ya kompyuta aliyouziwa pamoja na kamera ya kampuni nyingine, na pengine hata hajui ni nani aliyeiandika.

Ili msomaji aelewe kazi ya programu hizi, namwomba aende nami Matema, chini ya Milima ya Livingstone, siku ya soko. Huko akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Chukua chungu kimoja ukifudikize, kisha ukitazame kwa juu: kitako kinakuwa katikati ya duara, na mdomo unakuwa ukingo wake. Hivyo ndivyo programu inavyoufanya moyo. Chumba kikubwa cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini mwote, hulazwa katika duara moja, ncha ya moyo ikiwa katikati na upande wa juu wa moyo ukiwa pembeni. Duara hilo hugawanywa katika sehemu 17, kwa mpango uliopendekezwa na Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2002, na kila sehemu hupewa hesabu yake ya mwanga.

Mnunuzi anayejua vyungu hakubali kwa macho tu. Hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Chungu kizima kina sauti yake, na chenye ufa, hata ufa usioonekana, sauti yake hufa mapema. Lakini sikio hilo halikuzaliwa nalo. Limekwisha kusikia vyungu vizima vingi, vya udongo ule ule, vilivyochomwa kwa moto ule ule. Mlete mgeni aliyezoea vyungu vya nchi nyingine. Atagonga, atasikia, na huenda akakikataa kizima na kukichukua kibovu.

Na programu ya moyo nayo ina sikio. Ndani yake mna faili ya watu walioaminiwa kuwa hawana ugonjwa, na moyo wa mgonjwa hulinganishwa na mioyo ya watu hao, sehemu kwa sehemu. Pale ambapo mwanga wake umepungua kupita kiwango kilichowekwa, kompyuta hupaka rangi ya giza, na daktari husoma kwamba hapo damu haifiki. Garcia na wenzake waliijenga njia hii tangu miaka ya 1980, na kwa hakika ilikuwa hatua kubwa, kwani kabla ya hapo madaktari wawili waliweza kuitazama picha moja na kutoka na majibu mawili.

Mzee wetu aliuliza kama kompyuta imepata kuuona moyo wake ukiwa mzima. Jibu la kweli ni kwamba haijauona. Imeiona mioyo ya watu wengine, na kwa programu zilizotajwa hapa watu hao kwa kawaida walikuwa Wamarekani.

Sisemi kwamba moyo wa Mnyakyusa umeumbwa kwa udongo wa peke yake. Asitokee mtu akanibebesha neno hilo. Moyo ni moyo. Ila picha hii haipigwi kwenye moyo ulio mtupu. Mionzi hupita katika nyama, mafuta na mifupa kabla ya kuifikia kamera, na kila kinachoizuia njiani huacha kivuli. Titi la mwanamke huweza kutia kivuli upande wa mbele wa moyo. Kwa wanaume kiwambo kilicho chini ya mapafu hutia kivuli upande wa chini. Waliozitunga programu walilijua jambo hili mapema, wakatenga faili za wanawake na za wanaume. Kwa kufanya hivyo walikiri wenyewe kwamba kiasi cha kawaida si kimoja kwa miili yote.

Wajapani hawakuishia kukiri tu. Madaktari wao waliona kuwa miili ya wagonjwa wao hailingani na ile ya faili zilizotoka ng'ambo, na Chama cha Tiba ya Nyuklia cha Japani kikaunda kikundi cha kazi, ambacho katika miaka ya 2000 kilikusanya picha za watu wao wenye mioyo mizima na kutengeneza faili za Kijapani. Jambo jingine walilolishughulikia sana ni moyo mdogo. Moyo ukiwa mdogo, kuta zake hukaribiana mno wakati wa kusinyaa, na kamera ambayo macho yake si makali huziona kama zimegusana. Programu hudhani kwamba chumba kimejikamua karibu chote, na hutoa hesabu ya nguvu iliyo juu kuliko ukweli. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko la kivuli. Kivuli cha uongo humpeleka mtu katika vipimo asivyovihitaji. Sifa ya uongo humrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Sasa mfikirie mwanamke mwembamba wa Mwaya au Lusungo, aliyekwisha kuinama katika majaruba ya mpunga kwa miaka 40. Je, ni nani katika faili ya Atlanta au Los Angeles anayefanana naye?

Wala si faili tu. Mwaka 2013 Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki, ambao Tanzania imekuwa mwanachama wake tangu 1976, ulisimamia uchunguzi wa namna picha hizi za moyo zinavyopigwa duniani. Zilihesabiwa maabara 308 katika nchi 65, na wagonjwa 7,911. Ilionekana kwamba kiasi cha mionzi anachopewa mgonjwa hutofautiana mno kati ya maabara na maabara. Katika hesabu hiyo kubwa, Afrika ilikuwa sehemu ndogo kabisa, na si ajabu, kwa kuwa kamera za gama katika nchi zetu ni chache. Hapa nchini Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imekuwa nayo kwa miaka mingi, na kazi yake kubwa, kama jina la taasisi linavyoeleza, imekuwa saratani.

Kuna sababu nyingine inayozifunga kamera hizi katika miji mikubwa. Teknishiamu haikai. Kila baada ya saa 6 nusu yake imekwisha kutoweka. Baada ya saa 12 imebaki robo. Baada ya siku moja imebaki sehemu moja katika 16. Ingepakiwa katika basi la Dar es Salaam kuja Kyela, mwendo wa zaidi ya kilometa 900, ingefika ikiwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake hata kama basi lisingeharibika njiani. Kwa hiyo hospitali hununua mama yake, molibdenamu, ambayo hupungua nusu kwa muda wa saa 66, na huikamua teknishiamu kila asubuhi kama mtu anayekamua ng'ombe mmoja ambaye maziwa yake yanapungua kila siku. Molibdenamu hiyo hutengenezwa kwa kupasua urani katika vinu vichache tu ulimwenguni, kimojawapo kikiwa Pelindaba, Afrika Kusini. Kinu cha Chalk River cha Kanada kiliposimama kwa zaidi ya mwaka mzima, tangu Mei 2009 hadi Agosti 2010, hospitali za nchi tajiri zilihangaika kama zetu.

Na urani yenyewe? Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu ukaingia wilaya ya Karonga, Malawi, kisha ukageuka kuelekea magharibi, utafika Kayelekera. Mgodi wa urani wa hapo ulianza kazi 2009, ukasimamishwa 2014 bei ilipoanguka, ukaanza tena 2025. Urani yake huuzwa kwa ajili ya vinu vya umeme wa mataifa ya mbali, wala sidai kwamba punje yake imepata kurudi kuwa dawa ya moyo wa mtu wa ziwa hili. Naitaja kwa sababu mtu wa Kyela anayetajiwa neno nyuklia hudhani ni habari za Marekani na Urusi, kumbe madini yenyewe yanachimbwa kwa jirani yake.

Hapa yafaa nimjibu msomaji ambaye bila shaka amekwisha kuanza kunung'unika. Atasema: zahanati nyingi hazina hata kipimo cha shinikizo la damu kinachofanya kazi, nawe unatuletea habari za programu za Ann Arbor? Ana haki. Uchunguzi uliofanywa Muhimbili kwa wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, na kutangazwa 2014, ulionyesha kwamba asilimia 45 walifikishwa hapo na shinikizo la damu, asilimia 28 na magonjwa ya misuli ya moyo, asilimia 12 na homa ya baridi yabisi iliyoharibu valvu, na asilimia 9 tu na mishipa ya moyo iliyoziba, ambayo ndiyo hasa inayotafutwa na picha hizi. Ningepewa fedha leo nizigawe, ningeanza na vipimo vya shinikizo na vidonge vyake Ipinda, Ngonga na Matema, kabla sijafikiria kamera.

Lakini fedha hazigawiwi nami, na kamera hazingojei zamu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 kuwa taasisi inayojitegemea pale Muhimbili, imekwisha kuzibua mishipa ya moyo ya watu ambao zamani wangepelekwa India au wangekufa. Mahali ambapo mishipa inazibuliwa, haja ya kujua ni mshipa gani wa kuzibuliwa huongezeka, na vyombo hufuata. Vitakuja vikiwa na programu ndani, na programu itakuja na faili yake. Hatari yake ni kwamba hakutakuwa na mtu wa kuuliza, kwa sababu hesabu iliyotolewa na kompyuta kwa rangi nzuri haifanani na kitu cha kuulizwa.

Na ya kuuliza si magumu. Faili za namna hii kwa kawaida hujengwa kwa makumi ya watu, wala si kwa maelfu, na si lazima kumdunga mionzi mtu asiye na neno. Hutumika picha za wale waliopimwa kwa sababu ya haki kisha ikathibitika kuwa hawana ugonjwa. Baadhi ya programu humruhusu mwenye maabara aweke faili yake mwenyewe. Kinachotakiwa ni daktari, fundi wa kamera na mtu wa hesabu wanaokubaliana kuhifadhi kila picha kwa utaratibu mmoja kwa miaka kadhaa, na mkataba wa ununuzi unaosema waziwazi kwamba picha hizo ni mali ya hospitali na haki hiyo ya kuweka faili imelipiwa. Muuzaji asiyeulizwa hatalitaja jambo hilo.

Wala asitokee mtu wa kusema kwamba watu wa pande hizi hawaandikiki. Wilayani Karonga, kwa Wangonde ambao lugha yao na Kinyakyusa vinasikilizana, watafiti wamekuwa wakiandika afya za watu kijiji kwa kijiji tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walipoanza na ukoma. Kati ya 2013 na 2017 watafiti hao walipima shinikizo la damu, sukari na uzito wa watu zaidi ya 28,000, karibu nusu yao wakiwa wa vijijini Karonga na waliobaki wa mjini Lilongwe. Huko ni ng'ambo ya Songwe tu; ukisimama Kasumulu asubuhi isiyo na ukungu unaona moshi wa jikoni kwao.

Mzee wetu hakwenda Dar es Salaam. Nauli, mahali pa kulala na wiki za kuacha kakao ikivunwa na wengine vilimshinda, akarudi Kyela na vidonge vyake, ambavyo namshukuru Mungu anavimeza. Kifua humbana mara mojamoja. Mwezi uliopita nilimweleza habari za faili kama nilivyozieleza hapa, nikamwambia kwamba kinachotafutwa kwanza ni mioyo isiyo na ugonjwa, ya watu wa kwetu. Alifikiri kidogo, akasema kama ni hivyo waje Matema wakamtazame mdogo wake. Ana miaka 71, bado anavuta nyavu usiku, na jioni hupatikana nyumbani.